Ombi lina siku tisa "linahakikiwa", na mzee asema nimekula arbuni yake

MUULIZE AMI

Ami, shikamoo.

Nina saiba ndogo hapa Mwembe Tayari: kompyuta kumi, printa moja, na feni inayopiga kelele kuliko wateja. Naprinti, naskani, najazia watu fomu. Sijawahi kuitwa mwizi mpaka wiki hii.

Alhamisi ya wiki jana, baada ya alasiri, alikuja mzee mmoja wa mtaani kwetu. Ni mtu wa heshima, baraza lake liko mkabala na msikiti, na tangu utotoni sipiti pale bila kumwamkia. Alitaka nimjazie ombi la safari ya Umra kwenye tovuti ya kampuni moja ya safari. Arbuni ni shilingi 20,000.

Kwanza ukurasa ukaniuliza kama mimi ni roboti. Nikachagua picha za taa za barabarani, ukasema bado. Nikachagua zebra, bado. Mara nne! Mzee akacheka, "Hivi hicho chombo hakikuoni?" Nikajaza jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, Mohamed, nikaweka namba ya pasipoti, nikaipiga picha kwa simu na kuipandisha. Kabambe ya mzee, ile simu yake ndogo ya vitufe, ikaleta ile ya M-Pesa ya kuweka PIN. Akaweka polepole kwa kidole kimoja. Alipobonyeza tu, stima zikakatika.

Yangu ni laptop, haikuzima, lakini rauta ilizima. Tukakaa gizani dakika kama ishirini. Ziliporudi, ukurasa ulikuwa bado wazunguka: "Tafadhali subiri, usifunge ukurasa huu." Nikasubiri, nikasubiri, nikarifreshi. Ikaja fomu tupu. Nikajaza upya, mzee akanisahihisha jina, "Andika Muhammad, kama la Mtume," nikaandika hivyo. Akaweka PIN mara ya pili na mara hii ikakubali: "Ombi lako limepokelewa. Linahakikiwa na sisi pamoja na washirika wetu Saudia. Siku 3 hadi 5 za kazi." Nikamprintia risiti, nikamtoza mia mbili, akaenda zake.

Usiku mjukuu wake akamsomea meseji. Ziko mbili, za 20,000 na 20,000. Asubuhi mzee alikuja dukani mbele ya wateja akasema, "Mwanangu, mimi si mtoto. Pesa zimetoka mara mbili. Moja yenda Makka, ya pili yenda wapi?"

Ami, nilitamani ardhi inimeze. Leo ni Jumamosi, siku ya tisa, na ukurasa bado waandika "linahakikiwa". Mke wa mzee haitikii salamu yangu. Juu ya hayo, mjukuu aliitia picha ya risiti kwenye grupu la familia, watu zaidi ya mia, na jana mtu akampigia mzee simu akidai yuko ofisini kwa kampuni. Ati ombi limekwama, atume elfu tatu lisukumwe, kisha amsomee namba sita zitakazokuja kwa SMS. Alhamdulillahi mzee alimwambia angoje kwanza aulize.

Nataka kujua, huko ndani hasa kunafanyika nini siku zote hizi? Nijaze ombi jingine? Nimlipe mzee 20,000 kutoka mfukoni mwangu yaishe? Nimefungua tena ile picha ya pasipoti, ingali kwenye kompyuta, yaonekana vizuri tu isipokuwa mng'ao kidogo chini, na jina ni Mohammed, yaani tofauti tena. Sijui kama ni jambo.

Binti wa Saiba,
Mwembe Tayari

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ni ya Jumamosi, nami nakujibu Jumapili usiku uisome kabla hujafungua duka. La haraka kwanza: usijaze ombi la tatu. Na huyo aliyepiga simu asipewe hata ndururu, wala namba moja kati ya zile sita. Haya mengine tuyazungumze kwa nafasi.

Mimi kabla macho hayajachoka nilikuwa karani kwa wakala wa forodha pale Kilindini. Ujana wangu wote niliumaliza nikingojea watu wahakiki karatasi. Nimeona kontena zima la matairi likilala bandarini kwa sababu ya herufi moja. Kwa hivyo unaponiambia hilo la Mohamed, Muhammad na Mohammed, halafu wasema "sijui kama ni jambo", nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Ni jambo. Lakini tutalifikia.

Tuanze na zile dakika ishirini za giza, maana ndizo zilizokuharibia jina.

Tuseme wewe uko Likoni na karani wa kampuni yuko kisiwani. Umemwandikia barua, ukampa mtoto avuke nayo na feri. Mtoto amevuka, barua ameifikisha, lakini kurudi feri imekwama. Wewe umekaa ng'ambo humuoni. Ukasema barua imezama, ukaandika ya pili, ukamtuma mtoto mwingine. Sasa karani ana barua mbili mezani, na hajui kama wewe ni mtu mmoja mwenye haraka au ni watu wawili.

Kurifreshi ndiko kule kutuma mtoto wa pili. Tovuti iliyotengenezwa kwa uangalifu huipa kila fomu namba yake, hata ukibonyeza "Lipa" mara tano ihesabu moja. Lakini wewe hukubonyeza tena fomu ileile. Ulipata fomu tupu, nayo ina namba mpya. Kwa mashine hilo ni ombi jingine kabisa.

Na pesa? Pesa hazikupanda feri yako hata kidogo. Mashine ya kampuni iliiambia M-Pesa, iombe simu hii 20,000. M-Pesa ikaiuliza kabambe ya mzee kupitia mtandao wa simu, wala haikupita kwenye rauta yako. Mzee akaweka PIN, pesa zikakatwa, na jibu likaenda moja kwa moja kwa kampuni. Wewe ulikuwa gizani, mnara wa simu haukuwa gizani. Kile kidude kilichokuwa kikizunguka hakikuwa na habari yoyote ya maana. Kilikuwa kikingoja jibu kwenye njia iliyokufa, na stima ziliporudi hakikujua kwamba jibu lilishapita njia nyingine.

Hapa nitakulaumu kidogo. Kabla ya kumwekesha mzee PIN mara ya pili ungemwambia, "Baba, hebu tuone meseji zako." Mlikuwa na dakika ishirini. Pengine ile ya kwanza ilikuwa imeshaingia, imekaa hapo ikiwangoja. Meseji ya M-Pesa yenye ile namba ya herufi na tarakimu kumi ndiyo shahidi. Skrini si shahidi.

Kuhusu roboti, usijione umetukanwa. Kompyuta zako kumi zote hutoka nje kwa anwani moja ya intaneti. Tovuti haioni binti na mzee wake. Huona anwani moja ambayo tangu asubuhi imeomba matokeo ya mtihani, fomu za kazi, tiketi na sijui nini, kwa kasi ambayo mtu mmoja hawezi. Lazima ishuku. Ukitumia data ya simu yako mwenyewe huenda ikakuuliza mara moja tu na kukupisha. Picha zenyewe za kule Marekani, mabomba ya maji ya zimamoto kandokando ya barabara, ni nani Mwembe Tayari aliyewahi kuyaona?

Sasa tuingie ndani, ambako wasema ndiko hujui.

Neno "linahakikiwa" limebeba kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya mashine na huisha kabla hujapangusa jasho. Ombi lako latoka kwako, pengine lapita kwenye waya wa baharini (na nyaya hizo zatua hapa hapa kwetu Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy 2010, watu waogelea juu yake bila kujua), lafika kwenye mashine ambayo huenda iko Ulaya, na mashine hiyo yaanza kupima: fomu imejaa? picha yafunguka? pasipoti haijaisha muda?

Pasipoti ina ujanja mmoja ninaoupenda, kwa sababu naujua tangu bandarini. Siku ukipita karibu na lori la kontena, tazama mlangoni: herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu moja imefungiwa kwenye kisanduku. Ile ya kisanduku ni mlinzi. Hupatikana kwa kupiga hesabu ya zile zilizotangulia, na karani akikosea moja, hesabu haitoki. Pasipoti nayo iko hivyohivyo. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili yenye alama nyingi kama mishale, kila mstari nafasi 44. Namba ya pasipoti ina mlinzi wake, tarehe ya kuzaliwa ina wake, tarehe ya kuisha ina wake.

Chukua kalamu. Mtu aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1951 huandikwa 510314. Zidisha tarakimu moja moja kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1. Utapata 35, 3, 0, 21, 3, 4. Jumla ni 66. Tarakimu ya mwisho ni 6, basi mbele ya tarehe hiyo pasipoti itakuwa imeandika 6. Karani mwenye usingizi akipiga 150314, hesabu yatoa 50, mlinzi ni 0, na mashine yajua palepale kwamba mtu amekosea. Haikuhitaji kumpigia simu yeyote.

Sasa ule mng'ao uliouona "kidogo chini" uko juu ya mistari hiyo hiyo. Mashine ikishindwa kuisoma, haikatai. Huiweka kando mtu aje aitazame kwa macho. Hilo la kwanza lililowachelewesha, au nakosea sana.

La pili ni jina. Katika mistari ile namba zina walinzi, tarehe zina walinzi, jina halina. Jina hulinganishwa herufi kwa herufi. Sisi Waswahili twajua Mohamed, Mohammed na Muhammad ni jina moja, limeandikwa na makarani watatu waliosikia kwa masikio matatu. Mashine haijui. Kwake hao ni watu watatu. Na wewe, bila kukusudia, umeipelekea ombi la Mohamed na ombi la Muhammad, yote mawili yakiwa na pasipoti namba ileile ya Mohammed, yamelipwa kwa simu moja, dakika chache mbalimbali. Ningekuwa mimi ndiye karani, ningeyaweka yote mawili chini ya kikombe changu cha chai na kusema, haya nitayauliza. Hakuna aliyekula pesa. Kuna mtu anaogopa kumpitisha asiyestahiki.

Hapo ndipo kazi ya pili inapoanza, ya binadamu, nayo ndiyo inayokula siku. Na siku zenyewe umezihesabu kama sala tano, kila siku ipo. Ofisi hazihesabu hivyo. Uliomba Alhamisi jioni. Ijumaa na Jumamosi Saudia wamefunga, ndiyo wikendi yao tangu 2013. Jumapili Saudia wamefungua lakini kampuni ya hapa imefunga. Jumatatu hadi Alhamisi wote wapo. Ijumaa tena Saudia wamefunga, na Jumamosi ndiyo ulipoandika. Katika siku zako tisa, siku ambazo ofisi zote mbili zilikuwa na watu mezani ni nne. Waliahidi 3 hadi 5. Hawajachelewa, mwanangu. Haya yote yametokea ndani ya ahadi yao.

Kwa hivyo kesho Jumatatu asubuhi, andika barua pepe moja, fupi, kwa anwani iliyo kwenye tovuti yenyewe. Si anwani utakayopewa na mtu. Iseme hivi: "Maombi mawili yenye namba hii na hii ni ya mtu mmoja. La kwanza lilirudiwa kwa sababu mtandao ulikatika. Malipo ni mawili, namba zake za M-Pesa ni hizi, na saa yalipofanywa ni hizi. Naomba libaki moja, jina lisahihishwe liwe kama kwenye pasipoti, MOHAMMED, na malipo ya pili yarudishwe kwa simu ileile iliyolipa." Ambatanisha picha mpya ya pasipoti. Ipige mchana karibu na mlango, bila taa, bila flashi, kona zote nne zionekane. Namba ya lile ombi la kwanza kama huna, wape namba ya M-Pesa, watalipata kwa hiyo. Meseji zikiwa zimefutwa, mzee apige *334# aombe taarifa ya akaunti yake.

Utasikia watu wakikuambia peleka meseji 456 pesa zirudi. Hiyo ni ya aliyekosea namba. Nyinyi hamkukosea, mmelipa mtu sahihi mara mbili, basi mwenye kurudisha ni aliyepokea. Ofisi yao kama iko hapa mjini, baada ya siku mbili nenda kwa miguu na karatasi mkononi. Barua pepe hufunguliwa upesi zaidi mwenye nayo akiwa amesimama mbele ya kaunta.

Sasa huyo wa elfu tatu. Risiti ilikuwa na jina la mzee, simu yake na namba ya ombi, ikaingia kwenye grupu la watu mia. Huko ndiko alikoipata, au aliyeipata ni jirani ya jirani. Elfu tatu zenyewe ni chambo tu. Anachotaka hasa ni namba sita. Namba hizo hutumwa mtu anapojaribu kuingia kwenye akaunti ya mzee, na akishaingia anaweza kubadilisha simu ya kurudishiwa pesa. Hebu fikiria: mnapigana mtaani kwa 20,000, zinarudi kweli, na zinarudi kwa mwizi. Karani wa kampuni hana haja ya namba hizo, yeye yuko ndani tayari. Mwambie mjukuu aifute ile picha kwenye grupu, na namba ya mpigaji mzee asiipokee tena.

Kumlipa mzee 20,000 zako, hapana. Nakujua ni kwa aibu, lakini ukilipa leo mtaa mzima utasema alikula akatapika. Na kampuni wakirudisha, mzee atakuwa na arobaini, wewe utaanza kudai mtu wa rika la babu yako. Ile mia mbili ya kazi lakini mrudishie, maana uliijaza fomu vibaya kwa jina la kusikia badala ya kufungua pasipoti iliyokuwa mezani. Hiyo ni haki yake.

Jambo lingine hukuniuliza. "Ile picha ya pasipoti, ingali kwenye kompyuta." Siku tisa, kwenye duka ambalo kila mtoto hukaa kwa shilingi moja moja? Ya wangapi wengine iko humo, vitambulisho, vyeti vya ndoa, kurasa za benki? Kenya ina sheria ya kulinda data za watu tangu 2019, na saiba haikusamehewa. Ukishaituma barua pepe ya kesho, fanya kazi ya kufuta, na usisahau kapu la takataka la kompyuta, maana vitu hukaa humo vikicheka. Kisha kila mteja akimaliza, futa mbele yake.

Kwa mzee usiende barazani. Pale ana wenzake na kahawa, hawezi kurudi nyuma mbele zao. Nenda nyumbani baada ya Isha, mjukuu awepo, umwamkie mke wake hata asipoitikia. Chukua zile meseji mbili zimeprintiwa kwa maandishi makubwa, umwonyeshe kwamba jina la aliyepokea ni lilelile kwenye zote mbili, na kwamba si lako. Hiyo peke yake itakuokolea maneno mengi. Akikuuliza tena ya pili yenda wapi, mwambie zote zi mahali pamoja, zangoja karani afungue ofisi.

Ami